Nusu ya Goti Hutengenezwa Nyumbani

Wana wawili wa mama mmoja wa Baraka walitujia jioni moja baada ya masomo. Walisalimu kwa heshima, wakaketi, kisha wakanyamaza kidogo kama watu wenye neno zito. Mama yao ni muuza ndagala. Miaka mingi ameshuka ufukoni alfajiri kuwapokea wavuvi, akawaanika samaki juani, akawabeba kichwani mpaka sokoni. Sasa goti lake la kuume limepinda, huvimba kila jioni, na usiku humnyima usingizi. Ndugu yao aliyebaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ameleta habari kwamba huko Tanzania wako madaktari watoao goti bovu na kutia la chuma.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao, "tumekusudia kuuza shamba la mihogo aliloliacha marehemu baba. Wewe umesoma, tuambie: mama akiisha kutiwa goti la chuma, atapona?"

Hatukuwa na jibu la neno moja. Tuliomba siku kadha, tukawauliza watu wa kazi hiyo, tukasoma maandishi yao. Tuliyoyapata twayaandika hapa, maana shamba likiisha kuuzwa si rahisi kulirudisha, na jamaa nyingi za Fizi na Baraka zaulizana swali lile lile: kuhusu mzee aliyechakaa goti, kijana aliyeumia mpirani, au mtoto aliyepigwa risasi. Jambo kubwa tulilojifunza ni hili: mpasuaji hutengeneza nusu ya goti tu. Nusu nyingine hutengenezwa na mgonjwa na watu wa nyumba yake, kabla ya kisu na baada ya kisu.

GOTI LILIVYO

Goti ni mahali pakutanapo mifupa mitatu: mfupa wa paja kwa juu, muundi kwa chini, na pia ya goti kwa mbele. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini, chenye utelezi, kiwezeshacho mifupa kupishana bila kukwaruzana. Mifupa imefungwa pamoja kwa kano nne zilizo kubwa: moja kila upande, na mbili katikati zinazopitana kama msalaba. Juu ya hayo yote iko misuli ya paja. Hiyo ndiyo hunyosha mguu na kuubeba mwili tupandapo mlima.

Gegedu ikiisha kuliwa haioti tena kama ngozi iotavyo juu ya kidonda. Huliwa pole pole kwa uzee, kwa mizigo, kwa jeraha la zamani, na kwa unene wa mwili. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila kilo moja aipunguzayo mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua aendayo. Kwa hiyo anayepungua kilo tano ameliondolea goti lake mzigo wa kilo 20, wala hakuuza shamba.

GOTI LA CHUMA LILIKOTOKA

Watu wengi hudhani kwamba goti la kutengenezwa ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Mjerumani jina lake Themistocles Gluck aliwatilia wagonjwa magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu, yenye bawaba kama ya mlango. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo. Ustadi wake ulikuwa mkubwa, lakini kazi yake iliharibika, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bado umo ndani, ukaleta usaha. Pembe haikuwa na kosa, ila ilitiwa katika nyumba isiyosafishwa. Jambo hilo tulikumbuke, maana hata leo adui wa kwanza wa goti jipya ni vijidudu.

Ilipita miaka karibu 80. Mwaka 1968 Frank Gunston, daktari wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alitia goti la chuma na plastiki lililofuata mwendo wa goti la asili. Mwaka 1974, mjini New York, John Insall na wenzake walianza kutumia goti ambalo magoti mengi ya leo ni kama watoto wake. Katika kazi hiyo mpasuaji haondoi goti zima kama mtu ang'oavyo kisiki. Hukata ncha zilizoharibika, akavika mfupa wa paja kofia ya chuma, akaweka sahani ya chuma juu ya muundi, na katikati akatia plastiki ngumu badala ya gegedu.

Je, hudumu? Mwaka 2019 wataalamu walikusanya habari za maelfu mengi ya wagonjwa wa nchi zenye daftari za kazi hiyo. Waliona kwamba magoti 82 hivi katika kila 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema. Lakini iko na habari ya pili: katika kila wagonjwa watano waliotiwa goti jipya, karibu mmoja husema kwamba hakuridhika. Chuma kimekaa vizuri, picha yaonyesha hakuna kosa, naye bado analalamika. Kwa nini wanne wafurahi na mmoja ahuzunike? Hilo ndilo swali lifaalo kuulizwa kabla ya kuuza shamba.

YALIYO KABLA YA KISU

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Goti lililochakaa kabisa, ambalo mfupa wagusa mfupa, ndilo lipatalo faida kubwa. Goti lililoanza tu kuuma, ambalo gegedu yake bado ipo, mara nyingi humwacha mgonjwa na uchungu ule ule, na tena ameongezewa kovu. Kwa hiyo picha ya eksirei ni lazima, nayo ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, ili uzito wa mwili uonyeshe jinsi mifupa ilivyokaribiana. Na kabla ya kufikiri kisu, goti lipewe miezi kadha ya mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza unene kwa aliye mnene, dawa za kutuliza maumivu kwa ushauri wa daktari, na fimbo. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande ulio mzima, si upande wa goti bovu kama wengi wafanyavyo. Wako wagonjwa wengi ambao hayo yamewatosha kwa miaka.

Pili, umri. Chuma na plastiki navyo huchakaa kama jembe. Katika uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, mtu aliyetiwa goti baada ya umri wa miaka 70 alikuwa na hatari ya kama 5 kwa 100 tu ya kupasuliwa tena katika maisha yake. Lakini kwa wanaume waliotiwa goti walipokuwa na miaka 50 na kitu, hatari ilifika 35 kwa 100. Tena kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na mifupa imepungua. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, damu na mwili. Mwenye kisukari kisichotunzwa, kidonda chake hupona pole pole na vijidudu hupata makao. Mvuta tumbaku huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi hukosa chakula; aache angalau majuma manne kabla ya siku ya kupasuliwa, wala asirudie. Mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria au minyoo atibiwe kwanza, aongeze maharage, sombe na samaki, kwa maana mwili uliokonda hauna kitu cha kujengea kidonda. Mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa: atumiaye dawa zake kila siku, na ambaye virusi vyake vimetulizwa, aweza kupasuliwa na kupona vizuri. Jino bovu litibiwe, na kidonda cha mguuni kipone, maana vijidudu hufuata mkondo wa damu mpaka kwenye chuma.

Nne, ngozi ya goti. Hapa twasema wazi, kwa kuwa ni desturi yetu. Goti likiuma, wako wachanjao chale, wako wabandikao majani ya moto, wako wakandao kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka. Kila mchubuko ni mlango ulioachwa wazi kwa vijidudu. Mtu anayengoja kupasuliwa asikubali chale wala mchomo wa aina yo yote juu ya goti lile. Vile vile asijinyoe nywele za mguu kwa wembe nyumbani. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2016, lilikataza kunyoa kwa wembe kabla ya kupasuliwa, kwa sababu wembe huacha majeraha madogo yasiyoonekana. Lililoagizwa ni kuoga vema kwa sabuni.

Tano, mwendo wa goti. Goti lililokuwa likikunjika vizuri kabla ya kupasuliwa hukunjika vizuri baadaye. Lililokuwa limekauka kama kuni hubaki na ugumu kiasi fulani. Pia misuli ya paja iliyo na nguvu kabla hurudi upesi. Kwa hiyo muda wa kungoja si muda wa kulala. Ni muda wa kunyosha, kukunja na kuinua mguu kila asubuhi na jioni.

Sita, moyo. Wataalamu wameona kwamba mgonjwa mwenye huzuni ya muda mrefu, au mwenye hofu kubwa ya maumivu, husikia uchungu zaidi baada ya kupasuliwa, hata kama kazi ilifanywa kwa ustadi. Watu wa Fizi wameona vita na kukimbia kwingi. Mwaka 1996 maelfu walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ilifunguliwa mwaka ule ule kwa ajili yao. Huzuni ya namna hiyo si ulegevu. Daktari aambiwe, na mgonjwa asindikizwe na mtu anayempenda.

MAGOTI YETU HUFANYA KAZI GANI?

Iko sababu moja iliyo kubwa kwetu kuliko kwa wazungu, nayo ni ile ya kutazamia kisichowezekana. Mtu hutembea njia iliyo sawa kwa kukunja goti kama nyuzi 65. Kuinuka kitini kwahitaji nyuzi 90 na kitu. Lakini kuchuchumaa chooni, kupepeta mihogo, kupalilia kwa jembe fupi, kuketi juu ya mkeka, kwahitaji nyuzi 130 na zaidi. Goti jipya lililofanikiwa hukunjika kama nyuzi 110 mpaka 120. Basi aliyekuwa akitazamia kuchuchumaa kama alipokuwa msichana hatafurahi, wala si kosa la mpasuaji.

Na kupiga magoti? Wengi waliotiwa goti jipya huona taabu kupiga magoti: pengine ngozi yauma, pengine imekufa ganzi, pengine mtu aogopa tu. Mama zetu wa parokia wajue hivyo tangu mwanzo. Kusimama au kuketi kwa heshima wakati wa Misa hakumpunguzii mgonjwa sala yake. Nyumbani, afadhali mtoto mmoja ajifunze useremala kidogo, atengeneze kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, na kiti kirefu cha jikoni, kabla mama hajarudi kutoka hospitali.

YALIYO SIKU YA KISU

Hapa sehemu kubwa ni ya mpasuaji, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza. Yako maswali manne yafaayo. Je, daktari huyu hufanya kazi hii mara nyingi? Maana imeonekana katika nchi nyingi kwamba wapasuaji na hospitali zizoeazo kazi hii hupata matokeo mema kuliko wale waifanyao mara moja moja. Je, dawa ya kuua vijidudu hutolewa kabla ya ngozi kukatwa? Yafaa itolewe katika saa ile ya kabla ya kisu, si baadaye kidonda kikiisha kufungwa. Je, nitafundishwa mazoezi, na nani? Na swali la nne ambalo wengi hulisahau: goti likivimba baada ya miezi miwili, nitarudi kwa nani?

Swali hilo la mwisho ni zito kwa mtu wa Baraka. Kazi ya kutia magoti hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Nchi maskini kama Malawi ilianza mwaka 2005 kuandika katika daftari moja viungo vyote vinavyobadilishwa, ikaonyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa vema katika Afrika kama kila mgonjwa akifuatwa. Maana ya kufuatwa ndiyo hiyo: mgonjwa arudi, aonekane, aandikwe. Lakini toka Baraka mpaka Dar es Salaam ni ziwa, kisha reli au barabara ndefu. Kwa upande wetu, vita viliingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari 2025, vikazidi kuifanya ngumu safari ya mgonjwa. Anayehesabu bei ya goti ahesabu na nauli za kurudi kuonekana, za mgonjwa na za msindikizaji. Asiyeweza kurudi amenunua nusu ya matibabu.

YALIYO BAADA YA KISU

Sasa tumefika mahali ambapo magoti mengi mema huharibika, nayo huharibiwa na upendo.

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali huwekwa kitandani kama yai. Binti huleta chakula, mjukuu huleta maji, mkwe huweka mto laini chini ya goti, na kila mmoja husema, "Pole, Mama, usijisumbue, pumzika." Kwa homa kali desturi hiyo ni njema. Kwa goti lililopasuliwa ni sumu. Mto ule chini ya goti, ambao mgonjwa huupenda kwa sababu hupunguza maumivu, hulifundisha goti kukaa limekunjika. Likizoea hivyo, mguu haunyoki tena, na mtu huchechemea maisha yake yote juu ya chuma kizuri. Mto ukihitajiwa, uwekwe chini ya kisigino, goti lipate kunyoka.

Desturi ya madaktari wa leo ni kumsimamisha mgonjwa siku ile ile ya kupasuliwa au kesho yake, akishika magongo. Kutembea mapema huzuia damu kuganda katika mishipa ya mguu, jambo liwezalo kuua. Katika majuma ya kwanza kazi ni mbili: goti linyoke kabisa, na likunjike angalau mpaka nyuzi 90, yaani kama pembe ya meza. Mazoezi ni mafupi lakini ya mara nyingi: kukaza misuli ya paja na kulibana goti kitandani, kuinua mguu ulionyoka, kuvuta kisigino kuelekea matakoni, kusimama na kuketi. Yanauma. Dawa za maumivu zilizoagizwa hutolewa kusudi mazoezi yawezekane, si kusudi mgonjwa alale. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo iletayo faida kubwa, ingawa goti huzidi kupata nguvu mpaka mwaka mzima.

Kwa hiyo jamaa igawane kazi. Mmoja awe wa kuhesabu mazoezi asubuhi, mmoja wa jioni. Mmoja aangalie kidonda kila siku bila kukigusa kwa mikono michafu, wala asimwagie dawa ya majani. Zikionekana dalili hizi, wasingoje kesho: usaha au majimaji yasiyokoma, homa pamoja na goti kuwa jekundu na la moto, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Goti lenye usaha lililoletwa mapema laweza kuoshwa na kuokolewa. Lililocheleweshwa huenda likatolewa chuma chote.

VIJANA WA MPIRA

Wanafunzi wetu wasifikiri kwamba habari hii ni ya wazee tu. Mchezaji akigeuka ghafla, mguu umekanyaga chini, huweza kusikia kitu kinalia ndani ya goti kama ufito unaokatika, na kabla ya jua kuchwa goti limevimba. Mara nyingi iliyokatika ni kano ya mbele katika zile mbili zinazopitana kama msalaba. Baadaye uvimbe hupungua, naye hurudi uwanjani, lakini goti humwacha ghafla akigeuka.

Kano hiyo yaweza kutengenezwa upya kwa kutumia ukano mwingine wa mgonjwa mwenyewe, kazi ambayo Hey Groves wa Bristol aliieleza tangu mwaka 1917. Lakini si kila mmoja huhitaji kisu. Huko Uswidi vijana 121 waligawanywa mafungu mawili: fungu moja lilipasuliwa mapema, la pili lilianza kwa mazoezi tu. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya wale wa mazoezi hawakuwa wamehitaji kupasuliwa, na hali ya mafungu yote mawili ilifanana. Kwa kijana wa Fizi aliye mbali na mpasuaji, hiyo si habari ndogo.

Na aliyepasuliwa? Kabla ya kisu, uvimbe uishe na goti linyoke kabisa. Baada ya kisu, asirudi mpirani kabla ya miezi tisa kwisha, tena misuli ya paja la mguu ule iwe imepata nguvu karibu sawa na ya mwenzake. Uchunguzi wa Norway uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi aongezao mchezaji kungoja, mpaka kufika miezi tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa kadiri ya nusu. Mwenzake anayemwita uwanjani katika mwezi wa tano hamtakii mema.

GOTI LILILOPIGWA RISASI

Yatupasa kutaja na jeraha ambalo nchi yetu imelijua mno. Risasi ikipita gotini huingiza udongo, nguo na vipande vya mifupa. Hapa saa za kwanza ndizo zinazoamua. Damu izuiwe kwa kukandamiza kwa kitambaa safi, mguu ufungwe kwa fito usicheze, mgonjwa apelekwe. Mpasuaji aliyejifunza kazi ya vita huondoa nyama iliyokufa na uchafu, huosha kwa maji mengi, wala hashoni ngozi siku ile. Hufunga bandeji, na akiona kidonda ni safi hukifunga baada ya siku nne au tano. Jamaa hushangaa wakaona kidonda kimeachwa wazi, wakadhani wamepuuzwa. Wasihamishe mgonjwa. Kidonda kichafu kilichoshonwa siku ya kwanza hufungia usaha ndani.

Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kazi Baraka mwaka 2003, na wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walipofanya kazi katika hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, wengi waliokolewa kwa njia hiyo. Na huko Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kimewafundisha walemavu wengi kutembea tena, kwa magongo, kwa viungo vya kutengenezwa na kwa mazoezi. Goti lililokwisha kupata usaha zamani lina hatari kubwa zaidi likitiwa chuma baadaye. Kwa wengine yafaa zaidi mifupa iunganishwe, mguu ubaki umenyoka, usiokunjika lakini usiouma na wenye kubeba mzigo. Anayeambiwa hivyo na daktari asidhani kwamba ameonewa.

SHAMBA LA MIHOGO

Wale ndugu wawili walirudi kama tulivyoagana, na safari hii walikuja na mama yao, akitegemea fimbo. Tuliwaeleza yote haya pole pole. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza, "Mwanangu Mwalimu, hiyo miezi mitatu ya mazoezi, nani atakaa nami?"

Wana wakatazamana. Mkubwa yuko Misisi kwenye dhahabu, hurudi kwa mwezi mara moja. Mdogo ana pikipiki ya kuchukua abiria, hutoka gizani na kurudi gizani. Fedha ya shamba walikuwa wameihesabu vizuri, lakini asubuhi 90 za kumshika mama mkono hawakuwa wamezihesabu.

Jioni ile hawakukata shauri la kuuza wala la kutouza. Walikata shauri la kuanza na lililo karibu. Mama apigwe picha akiwa amesimama, na apimwe damu na sukari. Fimbo ihamie mkono wa pili. Mkaza mwana ahesabu mazoezi ya paja kila asubuhi, na beseni la ndagala libebwe kwa pikipiki, si kwa kichwa tena. Baada ya miezi mitatu watatazama. Kama goti limetulia, shamba limebaki. Kama halikutulia, na picha imeonyesha kwamba mfupa wagusa mfupa, basi mama atavuka ziwa akiwa na paja lenye nguvu na damu ya kutosha, na mdogo ataiweka pikipiki yake kwa miezi mitatu.

Mama alipoinuka kwenda, kijana mkubwa alitaka kumnyanyua kwa mikono miwili. Akamzuia. "Niache, mwanangu," akasema, "nimeisha kuanza." Akasimama mwenyewe, pole pole, fimbo mkono wa kushoto.